Hojaji za Hisia Zipimwe Kabla ya Kupima Watu

Wapo wanafunzi wa vyuo vikuu wanaochukua hojaji iliyotungwa ng'ambo, wakaitafsiri kwa Kiswahili usiku mmoja, na asubuhi wakaisambaza madarasani. Jambo hili halifai kunyamaziwa.

Chukua mfano wa hojaji ya PANAS, iliyotungwa na David Watson, Lee Anna Clark na Auke Tellegen wa Marekani mwaka wa 1988. Ina maneno 20 ya Kiingereza, 10 ya hisia chanya na 10 ya hisia hasi. Mtu hujipa alama 1 hadi 5 kwa kila neno. Kazi yaonekana nyepesi. Lakini miongoni mwa maneno chanya limo moja ambalo kwa Kiswahili laweza kuwa fahari au kiburi. Mfasiri akiandika "kiburi", mtoto aliyelelewa kwa adabu atajipa 1, naye mtafiti atamhesabu kuwa amepungukiwa na hisia njema! Neno jingine hugeuzwa "mwenye hatia", na anayeulizwa akadhani yu kizimbani, ilhali kilichokusudiwa ni kusutwa na dhamiri.

Maneno mawili ya woga nayo hutafsiriwa yote kwa "hofu", woga ukahesabiwa mara mbili. La ajabu ni kwamba kosa hilo laweza kuipandisha alfa ya Cronbach, ile hesabu ya kuonyesha jinsi majibu yanavyoandamana, ambayo baadhi ya watahini huiridhia kana kwamba ndiyo ushahidi wote.

Njia ya haki inajulikana. Mwaka wa 1970 Richard Brislin alieleza tafsiri ya kurudisha: mtu wa pili, asiyeiona nakala asilia, huirejesha tafsiri katika Kiingereza, kisha nakala hizo zikalinganishwa. Hata hiyo haitoshi, kwani mrejeshaji hodari aweza kukisia asili na kuuziba ufa bila kujua. Sharti watakaojaza hojaji waulizwe, wa Lamu na wa Kakamega, waeleze kwa maneno yao walichoelewa. Ndipo takwimu zifuate.

Mwalimu mshauri akizitegemea alama hizi, neno moja lililopotoka laweza kumfanya ampite mwanafunzi anayeteseka kimyakimya.

Twawasihi wasimamizi wa tasnifu wasiidhinishe hojaji yoyote iliyotafsiriwa kabla ya kuona taarifa ya mahojiano hayo, maneno yaliyobadilishwa na sababu zake. Walimu wakuu nao, waletewapo makaratasi hayo shuleni, wana haki ya kuidai taarifa iyo hiyo.