Kipimo cha Siri

Msomaji mpenzi, usidhani ya kuwa serikali hugombania mipaka na mafuta tu. Hugombania hata namna mashine mbili zinavyoamkiana hewani pasipo waya. Wapo wasemao kuwa hayo ni ya mafundi, hayamhusu raia wala mwanafunzi. Kauli hiyo naikataa, na kisa cha China na Marekani ndicho ushahidi wangu.

Mwaka 2003 serikali ya China ilitangaza kipimo chake cha kulinda mawasiliano ya Wi-Fi. Jina lake WAPI. Nalo si swali, ni herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza. Iliamriwa kwamba ifikapo tarehe 1 Juni 2004 kila chombo cha aina hiyo kiuzwacho nchini humo kiwe nacho. Lakini hesabu ya siri iliyomo ndani yake haikuonyeshwa walimwengu. Walikabidhiwa wenye makampuni machache ya Kichina, na wageni wakaambiwa wakashirikiane nao. Tazama basi: mwenye kutaka kuuza alilazimika kumwendea mshindani wake, na pengine kumfunulia michoro ya kazi yake, ilhali yeye hakufunuliwa kitu.

China ilitoa hoja ya usalama, na mwenye haki hana budi kupewa haki yake. Mwaka 2001 wataalamu walikwisha kuonyesha ya kuwa ulinzi wa kwanza wa Wi-Fi huvunjika upesi. Naam, mlango ulikuwa mbovu. Lakini seremala akuuziaye mlango mpya, kisha akakukataza kuukagua, amlinda nani? Tangu karne ya 19 mabingwa wa maandishi ya siri wameshika kanuni hii: kufuli bora ni ile ambayo hata ajuaye ilivyoundwa hawezi kuifungua bila ufunguo.

Machi 2004 mawaziri Colin Powell na Donald Evans, pamoja na Robert Zoellick, mjumbe wa biashara wa Marekani, waliiandikia China barua ya malalamiko. Aprili China ikakubali kuahirisha amri yake pasipo kutaja siku. Usiwavike Wamarekani kilemba cha uadilifu kwa hilo. Makampuni yao yalikuwa mbele katika kutengeneza chipu za Wi-Fi, na mwenye duka kubwa hupenda sana kuhubiri soko huria. Walakini hoja haiwi mbovu kwa sababu msemaji wake ana faida.

Wala uovu huu haukuzaliwa Asia. Mwanzoni mwa karne ya 20, zama za simu ya upepo, kampuni ya Marconi ilivikataza vituo vyake kuzungumza na meli zenye mitambo ya makampuni mengine. Ujerumani iliteta, na mwaka 1903 Uingereza na Italia zikasita kuafikiana nayo. Ni mkutano wa Berlin wa 1906 ulioamua kwamba vituo vya pwani vipokee habari za meli bila kuuliza mtambo ni wa nani. Fikiri idadi ya mabaharia waliokuwa baharini katika miaka hiyo ya ubishi!

Januari 2006 China iliichapisha ile hesabu wazi. Ilikuwa imechelewa. Machi mwaka huo kura za Shirika la Kimataifa la Viwango ziliangukia kipimo kingine, ambacho wahandisi wa nchi yoyote walikwisha kukisoma na kukijaribu.