"Mradi uko kwenye bomba"? Jamani!

Wadau, leo naanza kwa kujishtaki mwenyewe.

Nikiwa bado mgeni gazetini nilitumwa kwenye semina ya maji. Kigogo mmoja akasema kwa Kiingereza kwamba mradi wa mtaa fulani upo "in the pipeline". Mimi na digrii yangu nikaandika: "Mradi uko kwenye bomba." Mhariri akapitisha, ikachapwa. Kesho yake mama mmoja akapiga simu: "Mwanangu, bomba lipi hilo? Tumeamka alfajiri na ndoo, hakuna hata tone."

Msemo ule maana yake ni kwamba jambo bado linaandaliwa. Basi!

Tatizo si langu peke yangu. Fungua gazeti lolote: "mwisho wa siku" hii, "mwisho wa siku" ile, hata kwenye habari ya asubuhi! Waingereza wenyewe umewachosha. Mwaka 2004 Plain English Campaign iliwauliza wafuasi wake msemo unaokera kuliko yote, "at the end of the day" ukashika namba moja. Sisi tunaokota walichotupa. "Hatimaye" ina kosa gani?

Eti mwenyekiti wa ushirika "ametupa taulo". Taulo ni la ndondi: upande wa bondia ukilirusha ulingoni, umekubali kushindwa. Mwenyekiti kalitoa wapi? Wazee walituachia kubwaga manyanga na kusalimu amri.

Halafu "mpira uko kwenye uwanja wao". Huo ni wa tenisi, maana yake ni zamu yao kuchukua hatua. Msomaji wetu anawaza Simba na Yanga, na kwenye soka mpira ukiwa upande wenu ujue mmebanwa! Maana imepinduka.

Najua mtaniambia lugha hukua kwa kukopa. Sikatai, meza na baiskeli tulikopa. Lakini maneno yale yalileta vitu tuvione. Tafsiri hizi zinaficha. Anayejua Kiingereza huirudisha sentensi kichwani mwake, akaelewa. Anayeumia ni yule asiyekijua, na ndiye tunayedai kumwandikia, tena gazeti kanunua kwa hela yake.

Kwa hiyo waandishi wenzangu, usipojua maana ya msemo, muulize aliyeusema: "Una maana gani, mheshimiwa? Maji yanatoka lini?" Mimi ningeuliza, yule mama asingebeba ndoo.

Naomba kutoa hoja.