Mwili Uko Nyeri, Saa Iko New York, Net Imelala

Msee, form ya kazi za online unaijua. Unalala Skuta ama King'ong'o, lakini saa yako iko New York. Mteja akiingia ofisini saa tatu asubuhi mwezi kama Mei, huku Nyeri ni saa kumi jioni. Akitoka, ni saa sita usiku na wewe bado uko kwa meza, shuka begani, baridi ya mlima inakumaliza. Unaishi majuu bila kupanda ndege.

Sasa net ikianza kuzunguka, nani analipa hayo masaa? Ni wewe.

Kumbuka Jumapili ya Mei 12, 2024. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika huko pwani ya Afrika Kusini, na net ikawa ya kinyonga Kenya, Uganda na Tanzania. Utauliza, bahari na Nyeri ni wapi na wapi? Ni hivi: kazi unayotuma kutoka Karatina ama Nanyuki inateremka hadi Mombasa, inaingia kwa waya wa baharini, ndio ifike kwa mteja. Nyaya mbili zikienda, wote mnabanana kwa zilizobaki, kama abiria wa mathree tatu kwa moja.

Juni 25 mwaka huo, siku ya maandamano, net ikashuka tena. Jana yake Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imesema haina mpango wa kuzima intaneti. Kampuni za simu nazo zikasema ni nyaya za baharini. Sababu iwe gani, mteja wako hakuwa anafuatilia habari za Kenya. Alikuwa anaangalia saa.

Na si jobo tu. Juni 30, 2023 gava ilizindua huduma zaidi ya 5,000 kwa eCitizen. Hata mwezi haukuisha: Julai 27 wadukuzi wakaishambulia, pasipoti na leseni za udereva zikakwama. Ukiweka kila kitu nyuma ya mlango mmoja, ukifungwa mko nje nyote. Msee wa Othaya anakula nauli hadi tao, anaambiwa sistimu iko chini, rudi kesho. Kesho ni nauli ingine, na siku ingine bila kazi.

Hiyo ndiyo hasara haiandikwi popote. Bando inaisha muda hata kama net ilikuwa imelala, na masaa yako hakuna anayerudisha.

Gava hii iliahidi kilomita 100,000 za faiba na hotspoti 25,000 za Wi-Fi. Kwa hivyo wakipanda mlima 2027 kukuuzia jobo za dijitali, usiwaulize wataleta nini. Waulize kwa wadi yako imefika ngapi. Na net ikilala, nani atalipa.