Zege Lilimwagwa Saa Ngapi?

Makamanda, kila wakizindua barabara tunauliza maswali mawili: kilomita ngapi, na bilioni ngapi. Naomba tuongeze la tatu, maana hilo ndo hawajazoea kuulizwa: zege lilimwagwa saa ngapi?

Sitanii. Saruji ikikutana na maji inatoa joto lake yenyewe. Zege likimwagwa asubuhi hapa Dar, joto hilo linapanda wakati uleule jua la mchana linalichoma kutoka juu. Linashika likiwa la moto, tena juu kuliko chini. Usiku linapoa na kusinyaa. Bamba la mita 5 likipoa nyuzi 20 linapungua karibu milimita 1. Unaona ndogo? Zege changa halina nguvu ya kuhimili mvutano, na tabaka la chini linaling'ang'ania. Linapasuka. Hata lisipopasuka, kingo zake zinaweza kunyanyuka, halafu basi la mwendokasi la mita 18 linazikanyaga kila baada ya dakika chache (tuseme linakuja kwa wakati), miaka na miaka.

Na haya yanatabirika! Wakala wa barabara wa serikali kuu ya Marekani aligharamia programu inayoitwa HIPERPAV. Unaiingizia aina ya saruji na kiasi chake, joto la zege linapomwagwa, joto la hewa, upepo, unyevu na saa ya kazi. Inakuonyesha saa 72 za mwanzo, na ni lini mvutano utaizidi nguvu ya zege. Dawa yenyewe mara nyingi siyo ya ajabu: badilisha saa ya kumwaga, funika mapema, kata maungio ndani ya saa chache kabla zege halijajikata lenyewe.

Chawa watasema nyufa zinaletwa na magari mazito. Nyingine kweli, na udongo mbovu pia. Ndiyo maana nataka rekodi. Kipima joto kinazamishwa ndani ya zege, waya unatoka pembeni, kinaandika kila saa. Kwenye mradi wa mabilioni gharama yake haionekani hata. Bila rekodi, mkandarasi anamlaumu dereva, mhandisi anamlaumu mkandarasi, na sisi tunalipia ukarabati.

Mwendokasi ya kwanza, Kimara hadi Kivukoni, ilianza huduma 2016 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Ya Mbagala imejengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mikopo hiyo ataendelea kuilipa mtoto aliye shule ya msingi leo. Kwa nini joto la zege liwe siri ya ofisi? Liwekwe mtandaoni, bamba kwa bamba, na saa ya kumwaga. Wahandisi wasio na ajira wanaoweza kuzisoma grafu hizo tunao humuhumu, wengine wako juu ya bodaboda.

Madiwani na wabunge wetu waanze kuziomba kwa maandishi, kwenye awamu zinazojengwa sasa, kabla utepe haujakatwa.