Ukubwa wa Chembe Utajwe Kwenye Lebo

Lebo ya dawa hutuambia jina la kiambato na kiasi chake. Kwa dawa nyingi hayo yanatosha. Kwa bidhaa zenye chembe za metali zinazopimwa kwa nanomita, hayatoshi. Maoni yangu ni kwamba bidhaa ya aina hiyo isiyotaja ukubwa wa chembe zake haijatueleza kilichomo ndani yake, na haistahili kuaminiwa na mhudumu wala mgonjwa.

Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Seli nyekundu ya damu ina upana wa takriban nanomita 7,000. Chembe tunazozizungumzia zina kati ya nanomita 1 na 100. Tuchukue mchemraba wa metali wenye upande wa sentimita 1. Uso wake wote ni sentimita 6 za mraba. Tukiugawanya katika michemraba ya upande wa nanomita 1, uzito haubadiliki, lakini jumla ya nyuso hufikia mita 6,000 za mraba, karibu eneo la uwanja wa mpira. Ni usoni ndiko atomi za metali hukutana na maji, hewa na seli. Katika chembe ya nanomita 30, takriban asilimia 5 tu ya atomi ziko usoni. Katika chembe ya nanomita 3, karibu nusu. Atomi hizo za nje zina majirani wachache wa kushikamana nao, hivyo huwa nyepesi kuungana na vitu vingine.

Dhahabu ni ushahidi ulio wazi. Pete ya dhahabu hukaa kidoleni miaka mingi bila kushika kutu. Hata hivyo, mwaka 1987 Masatake Haruta na wenzake nchini Japani walionyesha kwamba chembe za dhahabu za nanomita chache, zikiwekwa juu ya oksidi za metali nyingine, huichochea gesi ya monoksidi ya kaboni kuungana na oksijeni hata katika baridi iliyo chini ya nyuzi sifuri. Mwaka 2007 watafiti nchini Ujerumani waliona chembe za dhahabu za nanomita 1.4 zikiua seli maabarani, ilhali zile za nanomita 15 hazikuzidhuru. Metali ni ile ile, tabia ni mbili.

Madini ya fedha yanawagusa wagonjwa kwa karibu zaidi. Katika baadhi ya bendeji za vidonda vya moto, chembe za fedha hutoa ayoni zinazoshika protini za bakteria na kuziharibu. Kwa uzito ule ule, chembe ndogo hutoa ayoni kwa kasi kuliko kubwa. Kwa hiyo bendeji mbili zenye kiasi sawa cha fedha zinaweza kutofautiana katika kuua vijidudu, na pia katika kudhuru seli changa zinazoziba kidonda.

Wapo watakaosema kwamba kupima chembe hizi kunahitaji darubini za elektroni, nazo ni ghali. Ni kweli. Lakini mtengenezaji asiyejua ukubwa wa chembe zake hawezi kutuahidi kwamba chupa ya leo ni sawa na ya jana. Gharama hiyo ni yake, si ya mgonjwa. Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2013, unataka vipodozi vyenye viambato hivi viandikwe neno “nano”. Ni hatua njema, ila neno hilo peke yake haliwezi kutenganisha nanomita 1.4 na 15. Namba itajwe.

Mhudumu wa afya, kabla ya kupokea bidhaa ya namna hii, uliza ukubwa wa chembe na ushahidi wa kipimo. Nawe mgonjwa, usinywe maji yenye chembe za fedha yanayosifiwa kuponya kila maradhi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitamka mwaka 1999 kwamba dawa za namna hiyo zinazouzwa bila cheti hazitambuliki kuwa salama wala zenye kuponya. Fedha inayomezwa hujikusanya mwilini na inaweza kuigeuza ngozi kuwa ya kijivu cha buluu, rangi ambayo kwa kawaida haitoki tena. Kama umekwisha kuyatumia, mweleze daktari wako bila kuona haya.