Nyumba ya zamani Katandala: Mnunuzi aanze na karatasi, si bati

Kila msimu wa mauzo ya mahindi unapofika, fedha huingia mjini Sumbawanga na madalali wa nyumba nao huamka. Mkulima aliyeuza vizuri, au mwenye duka aliyefunga hesabu kwa faida, huambiwa ipo nyumba Katandala na mwenyewe anauza haraka.

Wazo la kununua si baya. Katandala imekwisha kujengeka, na umeme na maji si vitu vya kusubiri. Anayenunua huko hahangaiki kuchoma tofali wala kukaa miaka mitano akilitazama pagale lisilo na paa. Hata hivyo, wengi hukagua bati na nyufa za ukuta wakasahau kwamba ukuta hurekebishwa na fundi, lakini miliki yenye kasoro hupeleka watu mahakamani.

Kwanza, ni nani anayeuza? Nyumba nyingi za zamani waliozijenga wamekwisha kufariki dunia. Mtoto anayeishi ndani, hata kama ana funguo na risiti za kiwanja, hana mamlaka ya kuuza. Mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kama muuzaji ana mwenzi wa ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mwenzi huyo aridhie kuuzwa kwa nyumba ya familia. Sahihi ya mwenyekiti wa mtaa husaidia kuthibitisha mauziano, lakini haihamishi miliki.

Pili, umri wa nyumba uendane na umri wa hati. Miliki ya kiwanja hutolewa kwa muda maalumu, mara nyingi miaka 33, 66 au 99. Hati ya miaka 33 iliyoanza mwaka 1990 ilikwisha mwaka 2023. Mnunuzi aende ofisi ya ardhi, afanye upekuzi, aone jina la mmiliki, muda uliobaki, na kama nyumba imewekwa rehani benki. Aulize pia deni la kodi ya pango la ardhi, kwa kuwa deni hilo hukifuata kiwanja. Mfanyabiashara anayetaka kufungua duka asome matumizi yaliyoandikwa. Kama ni makazi, atahitaji kibali cha kuyabadilisha.

Tatu, ambalo husahaulika zaidi, ni mtaji. Chukua mfano wa mkulima mwenye shilingi milioni 30 anayenunua nyumba ya milioni 30. Mwezi Novemba mvua zinaanza. Mbegu hana, mbolea hana, na chumba kimoja kinavuja. Atakopa kwa riba kubwa, au atauza mahindi yakiwa bado shambani kwa bei ya kutupa. Nyumba anayo, lakini shamba lililoinunua limekufa njaa.

Kwa hiyo hesabu sahihi ianzie nyuma. Mkulima atenge kwanza pembejeo za msimu ujao na chakula cha familia. Mwenye duka atenge fedha ya kurudisha bidhaa kwenye rafu. Kisha zitengwe gharama za uhamisho, ushuru wa stempu na matengenezo. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, na mkataba useme hivyo waziwazi. Kinachobaki ndicho bei ambayo mnunuzi anaimudu, hata kama dalali anacheka.

Malipo yapitie benki na kwa awamu, awamu ya mwisho ikitolewa uhamisho ukikamilika. Muuzaji wa haki hatakataa utaratibu huo. Anayesema kuna mnunuzi mwingine njiani na fedha taslimu, aachiwe huyo mnunuzi mwingine. Mavuno yajayo yatakuja, na Katandala itakuwepo.