UKURASA WA NYUMBANI: Hesabu Miti Kabla ya Kuuliza Bei ya Mashine

Katika mtaa wa Ngagara, mjini Bujumbura, yumo askari mmoja aliyebakiza mwaka mmoja tu kabla ya kustaafu. Huko juu katika milima ya Mugamba, upande wa Ijenda, marehemu baba yake alimwachia kishamba cha mikaratusi iliyokwisha kunenepa, pamoja na migrevilea michache iliyopandwa mipakani. Kiwanja cha kujengea anacho, na kuta za nyumba zimekwisha kusimama. Lakini paa hakuna, milango hakuna, na watoto watatu wanalala juu ya kitanda kimoja cha kuazima.

Jioni moja alirejea nyumbani na karatasi yenye picha ya mashine ndogo ya kupasulia mbao, yenye magurudumu, ya kuvutwa nyuma ya gari. Akaiweka mezani mbele ya mkewe.

"Mama watoto," akasema, "akiba yetu nimekwisha kuipatia kazi. Miti ni yetu wenyewe. Kwa nini tununue mbao za watu?"

Mkewe aliitazama ile picha kwa muda, kisha akauliza neno moja tu: "Baba watoto, miti yetu ni mingapi?"

Mume hakuwa na jibu. Alijua bei ya mashine, nguvu ya injini yake na urefu wa gogo inaloweza kulipasua. Idadi ya miti yake hakuijua. Yafaa ieleweke kwamba hapo hakuwa peke yake. Wengi wanaokaribia kustaafu hupatwa na tamaa hiyo hiyo, na si tamaa mbaya, kwani mtu aliyetumikia nchi miaka mingi ana haki ya kutafuta kazi ya mikono yake. Hata hivyo wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi daftari na lifunguliwe kabla ya mkoba.

Njia tatu za kupasua gogo

Njia ya kwanza ni ile ya zamani, ya msumeno mrefu wa watu wawili. Gogo huwekwa juu ya jukwaa au juu ya shimo. Mmoja husimama juu, mwenziwe chini, nao huvuta kwa zamu wakiufuata mstari uliopigwa kwa uzi. Kazi hii ni ya polepole na ya jasho, lakini haihitaji mafuta wala barabara. Wapasuaji huufuata mti mahali ulipoangukia, hata kama ni kwenye mteremko mkali.

Njia ya pili ni msumeno wa mnyororo wenye injini, unaofungiwa fremu ya chuma ili ukate kwa unyoofu. Kati ya mashine zote bei yake ndiyo nafuu, na mtu mmoja aweza kuubeba begani. Aibu yake ni kwamba mnyororo ni mnene, nao hula mti.

Njia ya tatu ni mashine ya msumeno wa ukanda, kama ile ya katika picha. Ukanda mwembamba wa chuma huzunguka juu ya magurudumu mawili, na kichwa cha mashine husukumwa juu ya reli huku gogo limetulia. Ziko pia mashine za msumeno wa duara. Mashine za ukanda za namna hii zilianza kuenea duniani katika miaka ya 1980, hasa kutoka Marekani, nazo husifiwa kwa kutopoteza mti mwingi.

Tofauti hiyo si maneno matupu. Chukua gogo lililokwisha kuchongwa mraba wa sentimita 25, ulipasue mbao za unene wa sentimita 2 na nusu. Mnyororo hukata njia ya karibu milimita 10, na gogo hilo litatoa mbao 7. Msumeno wa mikono hukata njia ya karibu milimita 4, na mbao zitakuwa 8. Ukanda hukata njia ya karibu milimita 2, na mbao zitakuwa 9. Kilichobaki ni unga wa mbao na kipande chembamba kisichofikia unene wa ubao. Basi mwenye magogo 40 akiyapasua kwa mnyororo badala ya ukanda, atakuwa amemwaga mbao 80 chini. Tena, huyo bwana wa mnyororo anapotezwa hata na wale wazee wawili wa msumeno wa mikono, ikiwa mikono yao ni hodari.

Kwa hesabu hiyo mtu angedhani mashine ya ukanda imekwisha kushinda. Lakini hiyo ni hesabu ya gogo moja. Imebaki hesabu ya shamba zima.

Shamba lina kazi ya siku ngapi?

Jumapili iliyofuata mume na mke walipanda mlimani, mmoja na utepe wa fundi cherehani, mwingine na kalamu. Walizungukia kila mti na kuupima mzingo kwenye usawa wa kifua. Waliandika tu ile iliyonyooka, yenye mzingo wa sentimita 130 au zaidi, kwani mti mwembamba kuliko huo hautoi ubao mpana. Walipata 40. Mti wa namna hiyo hutoa gogo moja jema la mita 4. Sehemu ya juu hufaa kwa nguzo, kenchi na kuni.

Waliporudi mjini walimwendea fundi seremala mmoja wa Buyenzi, mzee anayeheshimika, wakamwomba orodha ya mbao zote za nyumba: paa, milango, madirisha, vitanda na kabati. Mzee alikokotoa akapata mbao 160 za mita 4. Hizo ni mita za ujazo 4.

Watu wawili wanaoijua mashine ndogo ya ukanda huweza kupasua mita moja ya ujazo kwa siku, na pengine zaidi. Kwa hiyo mbao zote za nyumba ni kazi ya siku nne. Miti yote 40 ikiangushwa, itatoa mbao 360, yaani mita za ujazo 9; na hiyo haifiki hata wiki mbili za kazi. Baada ya hapo mashine itakaa chini ya turubai ikisubiri. Mkaratusi uliokatwa huchipua tena kutoka kwenye kisiki, hilo ni kweli. Lakini chipukizi halifikii unene wa ubao ila baada ya miaka mingi. Mashine ingekula kwa siku kumi kilichokuzwa kwa miaka ishirini.

Hapo ndipo palipo kiini cha jambo lote. Mashine ya mbao haitunzwi na mbao za nyumba moja. Hutunzwa na miti ya watu wengine.

Mfano wa jirani zetu

Kusini mwa Tanzania jambo hili laonekana waziwazi. Katika wilaya ya Mufindi, palipo shamba kubwa la miti la serikali la Sao Hill, na katika mkoa wa Njombe, wakulima wengi wamepanda misindano na mikaratusi yao wenyewe. Huko zimejaa mashine ndogo za msumeno wa duara ambazo wenyeji huziita dingdong. Mwenye dingdong hakai nyumbani. Huihamisha kutoka shamba hadi shamba, akipasua miti ya huyu leo na ya yule kesho, na riziki yake ni huko kuhama. Nazo zimelaumiwa kwa kupoteza mti mwingi, kwa sababu msumeno wake ni mnene. Lakini zinaishi, kwa kuwa miti haiishi kuletwa.

Basi anayetaka kununua mashine na ajiulize kama anataka mbao au anataka kazi. Hayo ni mambo mawili. Anayetaka kazi hana budi kuwa na wateja waliokwisha kuahidi magogo, gari la kuivuta, kijana aliyefundishwa kunoa, na akiba ya kununua vipuri. Mashine ikishaagizwa kutoka ng'ambo na kupitishwa Dar es Salaam hadi Bujumbura, kila ukanda utakaokatika utapita njia hiyo hiyo. Askari anajua thamani ya bunduki iliyokosa risasi.

Mafuta nayo yasisahauliwe. Mwaka 2024 wakazi wa Bujumbura waliona magari yakipanga foleni kwa siku nyingi mbele ya vituo vya petroli. Mashine isiyo na mafuta haimdai mtu mshahara, lakini mkopo ulioinunua huendelea kudai.

Sheria na miti

Burundi ilipanda misitu mingi mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980. Sehemu kubwa iliharibiwa katika vita vilivyoanza mwaka 1993. Ndiyo maana miti hutazamwa kwa macho makali. Sheria ya misitu ya mwaka 1985 ilirekebishwa mwaka 2016. Kabla ya kuangusha mti, hata ule wa urithi, ni wajibu kuwauliza viongozi wa komini na maofisa wa OBPE, ofisi ya kuhifadhi mazingira, kuhusu kibali cha kukata na cha kusafirisha. Itakuwa aibu kwa askari au polisi kusimamishwa njiani na mwenzake kwa ajili ya mbao zisizo na karatasi.

Baada ya msumeno

Lipo kosa jingine linalopoteza mbao nyingi kuliko msumeno wowote, nalo ni haraka ya kuzitumia. Mkaratusi una nguvu iliyojikunja ndani yake. Ukipasuliwa, ubao huweza kupinda papo hapo, na ncha zake kupasuka. Gogo na lipasuliwe mapema baada ya kuangushwa, na ncha zipakwe rangi ya mafuta au nta. Mbao zipangwe kivulini, juu ya magogo yaliyoinuliwa kutoka ardhini ili mchwa wasizifikie. Kati ya safu na safu viwekwe vijiti vya unene mmoja, vikae mstari mmoja kutoka chini hadi juu, na mawe mazito yawekwe juu ya yote. Asizianike mtu kwenye jua kali la Bujumbura akidhani anaokoa muda. Miezi kadhaa ya subira hulipwa kwa mlango usiokwama. Migrevilea ni mipole zaidi, na ubao wake una madoa ya kupendeza. Huo na uwekewe kabati na vitanda.

Watoto wakae mbali na msumeno wa aina yoyote. Mwenye kuendesha wa injini avae miwani, viatu vigumu na vizibo vya masikio, wala asifanye kazi peke yake.

Uamuzi

Nani basi anunue? Anunue yule mwenye magogo ya kutosha kila mwaka, yake au ya wateja, mahali panapofikika kwa gari, na ambaye mashine ikiharibika watoto wake wataendelea kula. Wanaofaa zaidi ni wastaafu kumi waliounda chama, wakaweka fedha pamoja, wakaandika nani atatunza, nani atanoa na faida itagawanywaje. Mwenye nyumba moja na kishamba kimoja, akodi mashine kwa siku nne kama ipo jirani na barabara yafika. La sivyo, awaite wapasuaji wa mikono. Mapatano yaandikwe kabla ya kazi: unene wa ubao, malipo kwa kila ubao uliokubaliwa, nani atabeba, na mabanzi ni ya nani. Mabanzi hujenga banda la kuku na kupika maharage, na yamevunja urafiki mwingi.

Yule askari wa Ngagara alikaa kimya usiku mzima baada ya hesabu ile. Si rahisi kuiaga ndoto aliyoitembeza mfukoni kwa miezi. Asubuhi alimwambia mkewe, "Nilitaka nikistaafu niwe na kitu cha kuamkia."

"Unacho," mkewe akamjibu. "Miti ishirini itatosha kwa nyumba. Ishirini iliyobaki inahitaji mlinzi, na visiki vinahitaji mtu wa kuchagua machipukizi."

Baada ya kibali kupatikana, miti ishirini iliangushwa mwanzoni mwa kiangazi, na wapasuaji wawili wa kule mlimani wakapewa kazi. Kila mti ulitoa mbao nane, kama ilivyoandikwa. Ishirini nyingine imesimama bado, nayo ni karo ya watoto. Akiba iliyosalia ilinunua mabati na misumari. Ile karatasi ya picha haikutupwa, kwani nyuma yake ndiko mzee wa Buyenzi alikoandika orodha ya mbao, na fundi huisoma kila asubuhi kabla ya kuanza kazi.